Kutoa Sumu

Ukimpa Katekista chakula, hata kama ni ndizi moja uliyoimenya mbele ya macho yake, alikuwa anakuangalia kwanza. Haongei. Anaweka mikono juu ya magoti na kungoja. Mgeni asiyemjua alidhani anasali, na kwa kuwa alikuwa Katekista, alidhani ni sala ndefu. Sisi tuliomjua tulichukua kijiko, tukachota kidogo pembeni mwa sahani, tukatia mdomoni na kumeza akiwa anaona. Ndipo anaposema, "Bon," yaani haya kwa Kifaransa chake, na kuanza kula.

Kwetu mwenye kukaribisha huonja kwanza, na tunaita kutoa sumu. Siku hizi wengi wanafanya kwa utani tu. Mama anakuletea uji, anapiga funda moja, anacheka: "Haya, nimeshatoa sumu, kunywa." Kwa Katekista haukuwa utani. Nilimjua tangu kambi ya wakimbizi Kigoma, alikonifundisha Baba Yetu na amri kumi, mpaka Louisville, Amerika, ambako nyumba yake na yangu upande wa Iroquois zilipeana mgongo. Miaka yote hiyo sikuona akilivunja sharti lake, isipokuwa Saigon na baadaye Buffalo. Hizo ndizo safari ninazotaka kuzisimulia, lakini mtu hasimuliwi kwa safari peke yake, kwa hiyo mnivumilie.

Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake lilifungwa mpaka kifungo cha juu, kiangazi na baridi. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba kanisani watu waliacha kukohoa ili wamsikie. Alitoka upande wa Uvira, Kongo, na Kiswahili chake kilibaki cha huko: watu ni batu, ndiyo ni njo. Miaka ya Tanzania haikukigusa, na ya Amerika ndiyo kabisa. Alikuwa anatufundisha katekisimu kwa sentensi fupi, kila moja imefungwa na "donc", yaani "basi", na sisi watoto wa kambi tuliosoma kwa Kiswahili cha walimu wa Kitanzania tulikuwa tunamwigiza nyuma ya darasa. Alijua. Hakutuchapa. Siku moja alisema tu, "Municheke, lakini mujibu," tukaona haya.

Hakuogopa vitu, aliogopa mikono ya watu. Kwenye kiwanda alichofanya kazi ya kufunga maboksi kulikuwa na mashine ya kuuza biskuti na soda. Katekista alikuwa anakula kutoka mashine ile bila kuuliza mtu. Nilipomchokoza akanijibu bila kucheka: "Mashine haina wivu. Mashine haijui jina yangu." Kitu chochote kilichofungwa kwenye pakiti alikiamini, hata kile ambacho mimi nisingempa kuku. Lakini sufuria ya jirani aliyemwombea mtoto wake akapona, hiyo ilibidi ionjwe.

Nikamwuliza siku nyingine, je, kwenye altare? Anafundisha watoto kupokea bila mashaka, na yeye mwenyewe ana mashaka na maharage. Nilidhani nimemkamata. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Binti yangu, angalia misa vizuri. Padri anakula kwanza, mbele ya batu yote. Kisha njo anatupatia." Tangu siku hiyo, kila padri akinyanyua kikombe na kunywa, namkumbuka Katekista, na wakati mwingine nakosa kusali.

Alipenda kusema kikulacho ki nguoni mwako. Aliisema kwa namna yake, "iko mu nguo yako," na aliisema pasipo kumtazama mtu. Hakuwa msengenyaji. Ukianza kumteta mtu mbele yake anainuka na kwenda kufagia uwanja. Lakini kila alipotamka methali ile, sisi tuliokuwa kambini tulijua nguo ni ya nani.

Ni hivi. Alikuwa na kijana wa kiume, mzaliwa wake wa kwanza, mwenye akili za shule. Mchana mmoja kijana alikwenda kwa baba yake mdogo, yaani mdogo wake Katekista, mahema machache kutoka kwao, akakuta wanakula sombe na ndagala, yaani kisamvu na dagaa, akakaribishwa, akala. Jioni akaanza kutapika. Kesho yake tukamzika. Majira yale kipindupindu kilikuwa kinatembea kambini, watu wa afya wakipita na vipaza sauti kutuambia tuchemshe maji, na makaburi mengine yalichimbwa jirani na la kijana. Mimi nasema ni kipindupindu, na nitasema hivyo mpaka nife. Lakini watu wa kambi hawakosi maneno. Wakasema mwenye kupika, mke wa mdogo wake, alikuwa na wivu kwa sababu watoto wake walikuwa wanaanguka mitihani na wa Katekista anapita.

Mwanamke huyo tunamwita Mama Furaha. Katekista hakumshitaki. Hakumwuliza kitu, hakumtukana, hakumkataza mtu kwenda kwake. Mama huyo akiumwa, Katekista alikwenda kumwombea. Ila hakula tena nyumbani kwake, na kuanzia hapo akawa hali popote bila mtu kuonja. Na kwetu, kuacha kula kwa mtu ni kusema. Angemtukana ingekuwa nafuu, maana tusi mama yule angelijibu.

Tulipopewa safari ya Amerika, Katekista na sisi tukatua Louisville, na mdogo wake na Mama Furaha wakapelekwa Columbus, wakapanga nyumba mtaa wa Linden. Nilifikiri umbali utawaponya. Wanaume wale wawili walipigiana simu kila Jumapili, wakicheka kama watoto. Mdogo wake alikuja kututembelea mara nyingi. Mama Furaha hakuja.

Kisha moyo wa mdogo wake ukasimama, akiwa kazini, na tukapanda magari kwenda Columbus kwenye matanga. Nyumba ilijaa mpaka ngazi za nje. Mjane hapiki, kila mtu anajua, na wanawake wa kanisa walimkalisha Mama Furaha kwenye mkeka mara ngapi sijui. Akainuka. Akaingia jikoni akafunga mlango. Alipotoka alibeba sahani moja tu, bugali na sombe, akapita katikati yetu, akaiweka mbele ya Katekista. Akasimama.

Katekista akaweka mikono juu ya magoti.

Mama mmoja wa kanisa letu, kwa nia njema, akanyoosha mkono achukue kijiko aonje yeye, jambo liishe. Mama Furaha akamshika mkono. "Wewe hukupika. Mwache." Halafu akamgeukia shemeji yake. "Mimi sitaonja. Siku ile nilikula. Nilikula sahani nzima, na watoto wangu wakala sufuria ileile. Nikionja leo mbele ya watu hawa, nimekubali kwamba kulikuwa na kitu cha kuonjwa."

"Bon," akasema Katekista, chini sana. Haikuwa ile bon ya kuanza kula. Hakunyoosha mkono. Nilimwona akimeza mate, na macho yake yalikuwa mekundu, maana alikuwa amemzika ndugu yake wa tumbo moja asubuhi ile. Bugali ukapoa. Mama Furaha akaiondoa ile sahani, akaifunika na sahani nyingine, akaiweka ndani ya friji. Hakuitupa. Kesho yake tulipoaga ilikuwa bado humo.

Niliwakasirikia wote wawili, yeye kwa woga wake na mama kwa kiburi chake, kisha nikamkasirikia yeye zaidi, maana aliyebeba jina baya miaka yote ile alikuwa mwanamke. Ndani ya gari alisema, "Mi si mutu mubaya." Mimi nilikuwa nimeshika usukani. Sikumjibu mpaka tulipoingia Louisville, na hata hapo nilimwuliza tu kama amefunga mkanda.

Sasa nije kwa Mzee Tam. Upande wetu wa Louisville Wavietnam walitutangulia miaka mingi; ndio wenye maduka tunakonunua sombe ya barafu na samaki wenye vichwa, na parokiani misa yao inatangulia yetu. Mzee Tam alifunga maboksi meza moja na Katekista. Kiingereza chao wote wawili hakikutosha hata kuomba chumvi, lakini Mzee Tam alisoma Kifaransa shuleni Saigon akiwa mdogo, na Katekista alisoma chake kwa mapadri. Basi walizungumza kwa hicho, kila mmoja na lafudhi yake. Saa ya kula, Mzee Tam alifungua bakuli lake, akaonja tambi, akamsogezea mwenzake. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Nadhani ndiyo sababu Katekista alimpenda.

Watoto wa Mzee Tam walipompa zawadi ya kurudi kuadhimisha siku aliyofariki mama yake, alisema hatakwenda bila rafiki yake. Katekista alikuwa ameshapata uraia na paspoti, ameiweka kwenye sanduku kama cheti cha ubatizo. Akakubali, kisha akaniambia niende naye nikamwonee njia. Nilikuwa na likizo kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na kusema kweli nilitaka kuona.

Siku za kwanza Saigon, Mzee Tam alikuwa na ndugu zake wa kuwasalimia, kwa hiyo alitukabidhi kwa mtoto wa dada yake, binti anayeitwa Linh. Kazi yake ndiyo hiyo: anawachukua wageni, kikundi kimoja kwa siku, anawatembeza mji wa Saigon akiwalisha na kuwaeleza. Alizungumza Kiingereza, mimi nikatafsiri. Katekista alipotoka hotelini alivuta hewa yenye joto, akatazama nguo zilizoanikwa kwenye roshani za juu. "Hapa nguo inakauka," akasema, na nikaona uso wake umelegea kuliko nilivyouona Amerika siku yoyote.

Linh akatufundisha kuvuka barabara. Pikipiki zilikuwa zinakuja pasipo mwisho, na alisema siri ni kutembea polepole bila kusimama, zenyewe zitakukwepa. Katekista akatoa rozari, akavuka. Upande wa pili kulikuwa na mama anauza supu ya tambi kando ya njia, viti vyake vya plastiki vifupi kama vigoda vya jikoni. Tukakaa, magoti yakifika kidevuni. Mabakuli yakaja, mvuke unapanda, majani mabichi pembeni.

Katekista akaweka mikono juu ya magoti. Linh naye akaweka yake juu ya mapaja, akainamisha kichwa kidogo, akasema neno kwa lugha yao, akangoja. Mimi nikatazama huyu, nikatazama yule. Supu ikaacha kutoa mvuke. Yule mama mwenye supu akaanza kututazama kwa wasiwasi, akidhani pengine ameona nzi.

"Mwambie aonje," Katekista akaninong'oneza.

"Mwambie mzee aanze," Linh akaninong'oneza upande wa pili. "Siwezi kula mbele ya mtu mkubwa kama huyu. Mama yangu angenichapa."

Basi nikala mimi. Sikuwa mkubwa wala mwenyeji, nilikuwa na njaa. Baada ya hapo nikamweleza Linh habari ya kutoa sumu, kwa kifupi, kama desturi tu, sikumwambia ya yule kijana. Akafikiri, akasema kwao mambo yako kinyume: mkubwa ndiye anayetangulia kutia mdomoni, na mtoto anamkaribisha kwa maneno kisha anangoja. Nikamtafsiria Katekista.

"Donc kwao mukubwa njo anamuonjea mutoto," akasema. Akakaa na neno hilo muda, kijiko mkononi.

Wakapatana wenyewe. Kila meza, Linh alinyanyua vijiti na Katekista akanyanyua kijiko, wakahesabiana kwa macho, wakatia mdomoni pamoja. Hivyo ndivyo tulivyoutembea mji ule. Tulikula wali ambao Linh alituambia kwa fahari kwamba ni chakula cha Saigon kabisa, umevunjikavunjika, umewekewa nyama ya nguruwe ya kuchoma. Katekista akauchambua kwa kidole. "Lakini hizi ni chenga," akasema. Na zilikuwa chenga kweli, zile tulizonunua kambini kwa sababu mchele mzima ulitushinda. Nilipomtafsiria, Linh akasema ndiyo, zamani ulikuwa wa maskini, sasa matajiri wanaupangia foleni. Katekista akala mpaka mwisho, akasukuma sahani, akasema anawasikitikia wote waliokula chenga kwa aibu.

Mkate wao una ngozi ngumu kama mkate wa Uvira. Tulipita soko lenye mafenesi yaliyopasuliwa, akanunua kipande, na hapo ndipo alipotafuta maji ya kunawa utomvu. Akamwuliza muuzaji kwa lugha yetu, kwa kusahau tu: "Sabuni?" Muuzaji akainama chini ya meza akatoa sabuni. Kumbe wao wanaiita sabong. Siku ile nzima Katekista alitamka neno lile peke yake, akitikisa kichwa. Konokono aliwakataa. Linh alionja mmoja, wa pili, wa tatu, akimwonyesha hajafa. "Mwambie asijisumbue," Katekista akaniambia. "Hapa sumu haiko. Hapa ni konokono."

Linh alituingiza pia kwenye hekalu lenye ubani unaning'inia kwa mizunguko, na kwenye kanisa kubwa la matofali ambako Katekista alipiga magoti mpaka nikachoka kusimama. Alipotoka aliniuliza kama watu wa hapa wanasameheana kwa urahisi. Nikamwambia swali hilo haliko kwenye matembezi tuliyolipiwa. Hakutabasamu. Alikuwa anauliza kweli, na mimi niliona haya baadaye kwa kulijibu hivyo.

Siku ya tatu tulikwenda nyumbani kwa ndugu za Mzee Tam kwa ajili ya mama yao. Ni Wakatoliki, msalaba ulikuwa juu ukutani, na chini yake meza yenye picha ya bibi mwenye uso mwembamba, maua, na vijiti vya ubani. Wakapanga vyakula mbele ya ile picha: kuku mzima, supu, wali, samaki, matunda, bakuli dogo na vijiti vyake. Mzee Tam akawasha ubani, akainama. Kisha watu wakakaa wanaongea, chakula kimetulia pale, hakuna anayekigusa.

Katekista akanisogelea. "Wanangoja nini?"

Linh akasema wanangoja ubani uishe. Bibi anakula kwanza. Ubani ukiisha, ameshiba, chakula kinashushwa na familia inakula.

Nilimtafsiria nikiogopa kidogo, maana alikuwa katekista, na mambo ya kulisha wafu kambini alikuwa anahubiri vikali kuyapinga. Sasa hakuhubiri. Alitazama ile picha mpaka kijiti cha mwisho kikageuka majivu. Chakula kikashushwa. Mzee Tam akajaza bakuli, akamletea yeye wa kwanza kwa kuwa ndiye mgeni mkubwa, na kwa mazoea ya kiwandani akachukua vijiti aonje. Katekista akaziba bakuli kwa kiganja chake.

"Mama yako ameshaonja," akamwambia kwa Kifaransa. Akala.

Sikuamini. Nilitazama mikono yake, haikwenda magotini. Alikula kuku, akala samaki, akaongezwa wali. Baada ya chakula nilimkuta amekaa kizingitini, viatu vya wageni vimemzunguka, na nikakaa karibu yake. Alizungumza bila kunitazama.

"Mu nyumba yangu mutoto njo alitangulia," akasema. "Mutoto alionja kwanza. Na nyuma yake mi sikukula tena na batu. Miaka yote ile sahani yake imebaki mu meza, binti yangu, hakuna mutu aliishusha."

Nikamwambia kuna mtu aliifunika sahani akaiweka kwenye friji Columbus. Machozi yalimshuka na hakuyapangusa, na mtoto mdogo wa nyumba ile alikuja akasimama mbele yetu akamtazama, akaenda.

Ningependa kusema tuliporudi alikwenda moja kwa moja Linden. Hakwenda. Mtu akizoea kutembea na jiwe ndani ya kiatu, ukilitoa bado anachechemea. Aliendelea kutuangalia tukionja, ingawa sasa mara moja moja alisahau kuweka mikono juu ya magoti. Halafu figo zikaanza kumsumbua, na binti yake aliyehamia Buffalo akamchukua akakae naye mtaa wa Riverside, kwenye nyumba ndogo ya mbao karibu na mto. Nilimkumbuka sana. Nyuma ya nyumba yangu waliingia watu wengine wenye mbwa.

Mwaka uliofuata, theluji ikianza, alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Bon. Unakuja kuniona?" Nikasema nakuja. "Pitia Columbus. Mwambie shemeji mi namwita kula."

Mama Furaha alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mikono imekunjwa. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotegemea.

"Ananiita kula, ama ananiita kuonja?"

"Sijui, mama. Alisema kula."

"Basi nitajua hukohuko," akasema, akavaa koti. Mwanamke wa kwetu haendi kwa mgonjwa bila kitu. Mkono mtupu haulambwi. Mama Furaha alitoka bila hata embe moja. Nilipomtazama mikono akanisoma. "Nikibeba chakula kitaonjwa," akasema. "Sibebi." Njia nzima mpaka tulipoona ziwa aliongea habari za watoto wake tu, na kuhusu shemeji yake hakusema neno.

Binti wa Katekista alikuwa kazini. Mlango alitufungulia Katekista mwenyewe, shati limefungwa mpaka juu, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Nyumba ilinuka sombe. Huyu ni mtu ambaye sikuwahi kumwona akichemsha hata maji, na sasa jiko lilikuwa limetapakaa unga, sufuria imeungua pembeni, na kwenye sinki mfuko wa sombe ya barafu kutoka duka la Waburma. Alikuwa amesonga bugali. Ulikuwa na mabuje ya unga. Kwenye sombe alitia ndagala.

Mama Furaha alivinusa akiwa bado na koti. Alijua ni chakula gani kile, na mimi nilijua: ni kile alichokula kijana.

Katekista akatuletea maji kwa birika, akatunawisha mwenyewe, sisi wanawake, maji yakimwagika kwenye zulia. Akaweka sahani moja mbele ya shemeji yake. Kisha akachukua kijiko.

"Shemeji," akasema, "leo mi njo mwenye nyumba. Mi njo nilipika. Wacha nitoe sumu mbele yako."

Akainama achote. Alikuwa amejiweka pale alipomweka Mama Furaha miaka yote, mbele ya sahani, athibitishe kwamba si mwuaji. Nilielewa, na nilitaka kutoka nje.

Mama Furaha akamshika kifundo cha mkono. "Weka chini."

"Shemeji, niache—"

"Weka chini hicho kijiko. Mimi sijakuomba."

Akakiweka. Mama Furaha akamega bugali, akaufinyanga kwenye kiganja, akachota sombe na ndagala zake, akatia mdomoni. Akatafuna polepole. Akameza. Akamega tena. Katekista alikuwa amesimama, mikono imening'inia, anamtazama anavyokula.

"Chumvi imezidi," Mama Furaha akasema. "Hukuonja wakati wa kupika?"

"Siyaonja," akasema Katekista. "Hata kidogo."

Mama Furaha akainua macho akamtazama, na hapo ndipo alipoangua kilio, kile ambacho hakukilia hata kwenye matanga, mdomo bado una chakula. Alilia huku anaisukuma sahani mpaka katikati ya meza. "Haya, kaa," akasema. "Kula, baba. Kinapoa."

Katekista akakaa. Akanyoosha mkono kwenye sahani ileile, pale alipomega shemeji yake, akala. Kazi yangu ni kuangalia wazee, na nilijua daktari alikuwa amemkataza chumvi kabisa. Nikavuta kiti, nikala nao.